Kambale Kumi na Wawili kwa Redio Moja

Jumatatu, 7 Juni 1993

Betri zimekufa. Zote nne. Asubuhi nimezianika juani kwenye chanja, katikati ya usipa, dagaa wa ziwa letu. Nimeziuma kwa meno moja moja, kama alivyokuwa akifanya marehemu Luisa. Redio ikasema neno moja, "mbolea", ikanyamaza.

Balaa! Maana jana mtangazaji wa kipindi cha salamu alisema Jumapili ijayo, saa nane mchana, ni zamu ya kadi za Mkoa wa Ruvuma, zile za Noeli iliyopita. Luisa alituma yake wiki moja kabla ya Noeli. Alilamba stempu mara mbili, akaipiga ngumi isibanduke. Hakunionyesha alichoandika. Februari nikamzika. Kadi bado iko njiani. Mke wangu ana neno ambalo hajamaliza kulisema, na mimi sina betri.

Betri zipo kwa Tarsisi tu, kaka yake Luisa. Tangu duka la ushirika life na kila mtu aruhusiwe kuuza, ndiye mwenye duka hapa kwetu. Lakini baada ya arobaini alisema nje ya kanisa kwamba kadi ile haitasomwa kamwe, kwa kuwa mwandiko wa dada yake ulilala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nikaapa palepale. Mguu wangu hautakanyaga duka lake, na kitu chake hakitavuka kizingiti changu. Watu walisikia. Sirudi nyuma.

Dada yangu Hedwiga, aliyehamia kwangu kunipikia, anasema kiapo hakishiki mawimbi ya redio.

Jumanne, 8 Juni

Siku kubwa! Nimechuna kambale, nimemkata kichwa, nimemtia chumvi kama kazi yangu ilivyo. Akacheza. Hana kichwa, hana ngozi, hana matumbo, anacheza! Nyama ilitetemeka, mkia ukapiga beseni. Dada Hedwiga alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye kisu, nikainama upesi.

Nimemwita Mwalimu Wendelin. Anafundisha baiolojia shule ya sekondari Kigonsera, yuko likizo kwa mama yake, nyumba ya tatu. Alifurahi kama aliyeitwa harusini. Amenieleza hivi, naandika nisisahau. Nyama ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, ndizo seli. Kila seli imezungushiwa utando mwembamba. Vitu vingine vidogo hujipenyeza vyenyewe. Vingine, kama chumvi, hupita mlangoni tu, na mlango una bawabu. Ndani ya utando kuna pampu inayotoa chumvi nje bila kupumzika, na pampu hiyo hula chakula ili ifanye kazi. Kwa hiyo chumvi hujaa nje, ndani huwa kidogo. Mlango ukifunguka, chumvi huingia kwa kishindo na kuleta umeme. Umeme huo huamsha mlango wa pili, wa pili huamsha wa tatu. Hivyo ndivyo habari za mwiba mguuni hufika kichwani. Kambale wangu alikuwa amekufa, lakini seli zake zilikuwa bado na akiba. Nilipomwaga chumvi, milango ikafunguka.

Alisema mengine mengi. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia neno umeme.

Aliponiuliza chumvi nimeipata wapi, dada Hedwiga alikohoa. Nimemwambia mwalimu kiapo hakikutaja chumvi. Mwalimu akacheka, akasema hata nyumba yangu ina utando, na bawabu wake ni Hedwiga.

Jumatano, 9 Juni

Jaribio la kwanza. Kambale watatu, waya mbili, balbu ya tochi. Chumvi vikombe viwili. Kambale walicheza vizuri. Balbu haikuwaka. Nimeweka ulimi kwenye waya. Ladha ya kambale.

Mwalimu amepita, ameniambia kwa upole kwamba umeme wa seli moja ni mdogo mno, na katika nyama ya kambale kila seli inaelekea kwake. Lakini, akasema, mito mingine ya Afrika ina samaki ambaye seli zake zimejipanga mstari mmoja kama betri ndani ya tochi. Huyo anaweza kumpiga mtu mshtuko hadi akae chini. Katika ziwa letu hayupo.

Nimemuuliza betri ndani ya tochi hupangwaje. Akasema kichwa cha hii kwenye mkia wa ile.

Kichwa kwenye mkia! Mwalimu ni msomi, lakini hakuona alichokisema.

Alhamisi, 10 Juni

Nimenunua kambale kumi na wawili ufukweni wakiwa hai. Nimewapanga juu ya mbao mbili mbele ya nyumba, kichwa kwenye mkia. Hapo tatizo. Nikiwakata vichwa, kichwa kitakaa wapi kwenye mkia? Nimewachuna nikawaachia vichwa. Dada Hedwiga amesema Luisa ana bahati, ameondoka mapema. Kisha akalia kidogo, kisha akashika waya upande wa pili.

Watu walijaa. Nikamwaga chumvi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, mbiombio. Mama yangu! Walicheza wote pamoja kama kwaya ya Pasaka. Mama mmoja alipiga vigelegele. Mwingine akaanza kuimba, wengine wakaitikia. Wa tano aliruka kutoka kwenye mbao, akatua kwenye shati jeupe la Tarsisi, aliyekuja kunicheka. Tarsisi akakaa chini.

Nimepiga kelele kwamba huo ndio mshtuko, umeme umempata! Mwalimu akasema hapana, ni uzito wa kambale.

Balbu haikuwaka.

Watu wamenunua kambale wote papo hapo, wakisema samaki mbichi namna hii hawajawahi kuona. Wameniomba niwachezeshe wengine kesho. Nimekataa. Mimi natafuta umeme, sina muda wa biashara.

Ijumaa, 11 Juni

Watu wanane wamekuja kuuliza samaki wanaocheza. Nimewafukuza kwa heshima. Mchana Tarsisi amepita akiwa na shati lililofuliwa lakini bado linanuka. Alisimama akaitazama redio dirishani, ile aliyotununulia yeye mwaka tulipooana. Nimefunga dirisha.

Nimewaweka kambale wanne tayari kwa kesho. Safari hii nimewachuna mapema ili nisichelewe. Mtu mwerevu hujiandaa.

Jumamosi, 12 Juni

Hawachezi. Nimemwaga chumvi, nimeongeza, nimewapigapiga mgongoni kama watoto waliopaliwa. Kimya.

Mwalimu alikuja akakaa nami kwenye gogo. Akasema tangu jana seli zimemaliza akiba yao. Pampu imesimama, na utando umevuja.

"Seli hai hujitaabisha siku zote kuweka tofauti kati ya ndani na nje," akasema. "Ndani kukiwa sawa na nje, Mzee Egidi, basi. Hapo hakuna habari inayopita tena."

Nimekaa nayo maneno hayo. Mimi nami najitaabisha. Luisa alikuwa anatia chumvi kwa vidole vitatu, kamwe si kwa kiganja. Alikuwa akiita usipa "watoto wa shule". Alikuwa akipiga chafya mara nne, mara ya nne anaomba radhi. Kila asubuhi nayarudia haya kabla sijatoka nje, yasivuje.

Kesho saa nane. Balbu haikuwaka hata mara moja.

Jumapili, 13 Juni

Naandika upesi, yasivuje.

Baada ya misa nilikaa uani na redio iliyokufa mapajani. Saa nane kasoro dakika tano nikasikia hodi. Tarsisi! Amebeba redio yake kubwa begani, jasho linamtoka.

Nimemwambia kitu chake hakivuki kizingiti changu.

"Shemeji," akasema, "kiapo ni chako. Redio ni yangu, na marehemu ni dada yangu."

Akaketi juu ya kizingiti chenyewe. Redio ndani, makalio nje. Akaiwasha.

Mtangazaji alisoma kadi za Songea, za Tunduru, za Kitura. Nusu saa. Tarsisi alikuwa anang'ata kucha. Kisha: "Luisa Egidi wa Chiwanda, huyu mwandiko wake una usingizi, lakini tutaelewana. Anamsalimu kaka yake Tarsisi. Anamsalimu wifi yake Hedwiga. Anaisalimu kwaya yote. Na wa mwisho, mume wake Egidi. Ujumbe wake: 'Egidi, ukisikia salamu hizi niko jikoni nakucheka, maana umeacha kazi ukaja mbio. Njoo ule.'"

Ukapigwa wimbo. Hatukuusikia. Tarsisi alikuwa analia na kucheka, mimi vilevile, Hedwiga akatushika vichwa wote wawili kama mapapai. Kisha akatuita tule, tukala, Tarsisi palepale juu ya kizingiti.

Nimemwambia mwandiko wa dada yake umesomeka. Akasema ndiyo, lakini yeye ametajwa wa kwanza na mimi wa mwisho, baada ya kwaya. Nimeumia. Tumekula tena.

Jumatatu, 14 Juni

Tarsisi ameniletea betri mpya nne, zawadi. Amezipitisha dirishani, kwa sababu kiapo hakikutaja dirisha. Moyo wangu ni mweupe. Watu wamekuja tena kuuliza samaki wanaocheza, nimewaambia nina shughuli.

Shughuli ni hii. Nimezipasua betri zote nne kwa panga nione zimepangwaje ndani. Kuna kijiti cha mkaa, na kukizunguka uji mweusi. Nimeuonja. Una chumvi! Chumvi yenye masizi!

Sasa nimeona kosa langu wiki nzima. Sikuwapaka kambale masizi.

Nimeagiza ishirini. Dada Hedwiga anakwangua masufuria. Hajui ni ya nini.