Shangazi Anatua Saa Ngapi?

Jumanne, 2 Septemba
Habari nzito! Ghalia kanipigia simu. Shangazi yake, Bi Kijakazi, anakuja Ijumaa kutoka Copenhagen. Baba mtu hayupo duniani, kwa hivyo neno la posa liko kwa shangazi. Na shangazi kasema wazi: kijana atakayempokea uwanjani kwa adabu ndiye atakayefikiriwa. Vijana tuko wawili. Mie na Asad. Asad! Muuza matairi wa Tottenham. Ana gari, ana manukato, hana akili. Mie nina kadi ya treni tu, lakini akili ninayo.

Jumatano, 3 Septemba
Nimechungulia kwenye simu. Copenhagen na London, kilomita kama mia tisa na sitini. Angani karibu saa mbili. Ndege inaondoka kule saa sita mchana, basi inatua Heathrow saa nane. Hesabu ya mtoto!

Jioni Asad kanipigia, sauti asali tupu. Anaona haya kumuuliza Ghalia, ati mgeni anafika saa ngapi? Nikamwambia saa saba, ndugu yangu, ndege za siku hizi ni saa moja tu. Akashukuru! Atasimama pale saa nzima, paking inamla, njaa inamuuma, mwisho atachoka arudi zake. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Ijumaa, 5 Septemba
Lahaula! Nimefika Heathrow saa nane kasorobo, kanzu imenyooka, halua ya Edgware Road mkononi. Ubao unasema ndege imetua saa saba. Nikamfokea dada wa maelezo, jina lake Seema, kwamba ubao wao mbovu. Kanitazama kwa huruma. Kasema saa za Copenhagen ziko mbele ya zetu kwa saa moja: kule ikiwa sita, hapa ni tano. Sasa mbona watu hawaambiwi?

Na Asad alikuwa pale saa saba barabara. Kwa uongo wangu! Kabeba mizigo, kambusu bibi mkono, kampeleka kwa gari mpaka nyumbani. Mie nimerudi Woolwich kwa treni. Halua nimeila nusu njiani, kwa uchungu.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimekwenda kuomba radhi. Asad yuko sebuleni, anatafuna sambusa. Kanishukuru mbele za watu, ati bila ya Himid angechelewa. Shangazi kaichungulia halua, kauliza kama nimemletea makombo. Nilitamani ardhi inimeze.

Ghalia kanifuata mlangoni. Kwa sauti ndogo kasema ananitaka mie, si Asad, ila nisimuaibishe tena. Roho ikarudi! Lakini shangazi keshatoa hukumu. Posa atazisikiliza kwake, Copenhagen, Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Atakayechelewa asigonge mlango.

Ijumaa, 12 Septemba
Safari hii hawanipati. Nishajua: ukishika njia ya Copenhagen, unatoa saa moja. Ndege yangu kesho inaondoka hapa saa sita mchana. Njiani saa mbili, toa moja, natua saa saba. Hata kunyoa ndevu nitawahi.

Asad kauliza tena apande ndege gani, maskini. Nikamwambia safari inakula saa tatu nzima, apande ya saa tatu asubuhi. Akae mlangoni kwa shangazi mpaka amchoshe! Kashukuru sana.

Nimemwandikia Ghalia alale kwa raha. Hesabu zote nimezifanya mwenyewe.