Ombi la Kuondolewa Mizani na Kurudishiwa Upawa

Kwako Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo Mama. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi. Naandika kwa adabu zote, nikiwa nimeketi nyuma ya cherehani yangu, kuhusu ile mizani ya jikoni uliyomletea binti yako baada ya kifungo cha suruali yangu kuruka na kutua kwenye chai yako. Kifungo kilikuwa changu, sikatai. Tena nilikishona mwenyewe, na fundi ni mimi, aibu niliipata. Lakini adhabu imezidi kosa. Tangu mizani iingie, mke wangu anapima kila kinachoelekea kinywani mwangu ili apate hesabu ya kalori. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wali wangu unapimwa ukiwa ndani ya lile bakuli zito ulilotuzawadia siku ya harusi, na uzito wote naandikiwa mimi. Mama, mimi sili bakuli! Nainuka mezani na vijiko vichache tumboni, mizani inasema nimevimbiwa.

2. Betri za redio zimehamia kwenye mizani. Taarifa ya habari siku hizi nasimuliwa na wateja.

3. Juzi nilionja mchuzi, chumvi tu. Mwiko ukapimwa kabla na baada. Jana nilipiga miayo karibu na karanga, nikaambiwa nirudi mlangoni.

4. Hili ndilo linaloniuma. Zamani tulikula sahani moja, mimi na yeye, tukigombania ukoko huku tunacheka. Sasa kila mtu na chake, maana mizani haijui nani kala kipi. Nakula huku naangalia ukuta.

Mimi nikikata gauni huacha kitambaa cha ziada kwenye mshono, kwa sababu mwili hauna msimamo. Chakula nacho kiachiwe mshono. Kwa hiyo naomba uje uichukue mizani yako, utuletee ule upawa wako wa zamani uliomlea binti yako akanawiri. Ukikataa, itanibidi nihamie kwako.

Msalimie Baba, mashemeji wote, na paka wako anayekula bila kupimiwa.

Mkweo mtiifu, anayepungua,
Fundi

Nyongeza: Nimemsomea mke wangu barua hii kabla ya kuifunga. Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha tumeichunguza mizani pamoja, tukagundua kuna kitufe cha kuirudisha kwenye sifuri ili chombo kisihesabiwe. Tukaweka bakuli lako, tukabonyeza, tukaliondoa, tukaweka juu yake sahani nyepesi ya plastiki na kupakua wali. Mizani ikasema chini ya sifuri! Akaongeza. Bado chini ya sifuri. Akaongeza tena, akavuta kiti, tukala wote wawili humo humo, ukoko kanipokonya. Tafadhali Mama, usije kuichukua. Ila kile kifungo cha kwenye chai, kama ulikitunza, nitumie. Cha pili kimeruka sasa hivi, na mizani inasisitiza kwamba hatujala kitu.