Parshoki Iliyoliwa na Kuku

Onesphore hakuwa mwizi. Mwizi anaruka ukuta, anafukuzwa na mbwa, anatoka jasho. Onesphore alilala mpaka jua likakolea juu ya ziwa, akavaa ovaroli ya bluu ambayo haijawahi kuonja mafuta ya gari, kisha akazunguka mtaa wa Mulongwe polepole akitafuta magari yenye vidonda.

Alhamisi hiyo alikiona kidonda kizuri. Uani, ndani ya parseli ya Papa Cyprien, kulikuwa na gari jeupe, na kwenye kona ya parshoki, ile bampa ya mbele, pande la fibra lilikuwa limetoka, ukubwa wa kiganja, nyuzi zimechomoza kama ndevu za mbuzi. Kando yake alisimama Mama Émérance, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mikono kichwani.

"Pole, mama," Onesphore akasema kwa sauti ya msibani. "Ilitokeaje?"

"Nilisogeza gari kidogo tu. Mlango wa parseli ukanikaribia."

"Milango ya siku hizi haina adabu, mama."

Gari lilikuwa la shemeji yake, Cyprien mwenyewe, aliyekuwa Bukavu na angerudi kesho. Jumamosi lingembeba binti wa Cyprien kwenda kanisani kufunga ndoa. Émérance aliachiwa ufunguo wa kuoshea, si wa kuendeshea.

"Akijua niliendesha, ananitosha mu parseli yake, ananifukuza kabisa," akasema. "Minye na ndagala zangu tutalala wapi?"

"Mama, weye uko na bahati. Fibra nilisomea Bujumbura. Rezini yangu inatoka Dubai, inapita Dar, inafika Kalundu kwa boti, na ikishuka tu inauliza: Onesphore iko wapi?"

Hapa tuseme ukweli kwa heshima zote. Fundi wa kweli husugua kingo za kidonda mpaka ziwe nyembamba, hulaza kitambaa cha fibra, hukilowesha rezini iliyochanganywa na dawa yake ya kugandisha, husubiri, hurudia, husugua tena, ndipo hupaka rangi. Onesphore aliyajua hayo yote kama anavyoijua njia ya mbinguni: ameelezwa mara nyingi, hajaitembea. Dawa yake yeye ilikuwa unga wa mihogo, gundi ya karatasi na chaki za kusaga, juu rangi nyeupe. Bugali wa mihogo ukikauka, sufuria ndiyo inayojua. Kila mara ulishika vizuri mpaka mvua ya kwanza, na mvua ilipofika Onesphore alikuwa amekwisha kuhama mtaa.

"Lakini lazima nilipeleke kwangu," akaonya. "Rezini inaogopa macho ya watu."

Émérance akatoa nusu ya malipo bila kubishana. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo: muuza ndagala, tena wa Uvira, habishani bei? Onesphore hakushtuka. Alikuwa anahesabu.

"Kitu kimoja tu," mama akasema. "Tufunike parshoki na kitenge. Majirani wasione aibu yangu."

Onesphore akashukuru moyoni, akakifunga kitenge kwa mikono yake mwenyewe. Wakatoka, yeye kwenye usukani, mama kando, dirisha wazi.

"Mama Émérance, gari inaenda wapi?" akauliza jirani Irankunda.

"Fundi anaenda kuiosha, Jumamosi ni harusi! Si ndiyo, fundi?"

"Kuosha tu!" Onesphore akaitika, huku akiisifu akili ya mama ya kuficha mambo. Aliitika hivyo mlango kwa mlango mpaka mwisho wa aveni, mama akashuka.

Ijumaa mchana alirudisha gari likimeta. Papa Cyprien alikuwa amefika, ameketi na wageni na majirani. Uani walikuwemo kuku wa karamu, waliofungwa kamba tangu asubuhi bila chakula. Mtoto wa mtu akawafungulia. Wakaenda moja kwa moja kwenye kona ya parshoki.

Ko, ko, ko.

Papa Cyprien akainuka taratibu. "Kwa nini kuku wanakula gari yangu?"

Jogoo akang'oa kipande, akawaita wake zake.

"Shemeji!" Émérance akapiga yowe. "Nilimpa aoshe tu! Tazama amevunja, halafu ameziba na bugali!"

"Papa, ilikuwa imevunjika!" Onesphore akalia. "Minye niliikuta vile!"

"Nani aliona?" akauliza Irankunda. "Ilipita hapa imevaa kitenge kama bibi harusi. Na weye mwenyewe ulisema kuosha tu. Si ni weye uliniuzia betri yenye maji ya ziwa?"

Kila mmoja akakumbuka lake. Papa Cyprien akakata shauri: fibra ya kweli, kwa gharama ya Onesphore, iwe tayari kesho kabla ya kanisa, la sivyo polisi. Wajomba wawili wa bibi harusi, wenye vifua vipana, wakajitolea kumsindikiza kwenye garaji ya Kavimvira.

Mlangoni Émérance akamsogelea. "Usinichukie, mwanangu. Fundi mzuri angeziba shimo, lakini swali la nani alivunja lingebaki. Minye nilitafuta mtu ambaye Uvira nzima iko tayari kusema ni yeye aliyevunja."

Mwenye garaji alikubali kwa sharti moja: kusugua asugue Onesphore. Akasugua mikono wazi, shingo wazi, vumbi likimwingia kila mahali. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba fibra ya kweli inawasha. Angejuaje? Bugali hauwashi.

Jumamosi asubuhi alilileta gari kwa Papa Cyprien, parshoki nzima kama yai, muziki ukiwa umepamba moto. Alikuwa akijikuna mabega, mbavu, anajipinda, anaruka mguu mmoja. Mashangazi wakashangilia.

"Angalia fundi anavyocheza!"

Wakamzunguka, wakambandika noti kwenye paji la uso kama anavyotuzwa mchezaji mzuri. Nyuma yake akafuata Mama Émérance na kikapu, akizibandua moja moja kwa ajili ya maharusi. Onesphore alitaka kuzidaka. Lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi mgongoni.