Washa ya Wendell

Jumatatu, 20 Aprili
Theluji tena. Wisconsin, bwana! Jumapili Padre Stan anabariki pikipiki pale parokiani. Mwaka jana yangu ilikwama gia, na Marlys, mke wangu wa ndoa, akapanda nyuma ya Wendell. Jirani! Akamshika kiuno! Ati kwa usalama. Mwaka huu atashika changu. Giaboksi nimeishusha, iko juu ya meza ya jikoni. Marlys kauliza tutakulia wapi. Uchokozi.

Jumanne, 21 Aprili
Beringi mpya haiingii kwenye kasha la gia. Nimuulize Wendell? Bora nitafune gia. Nimejibanza kwenye uzio wakati akimfundisha shemeji yake kazi hiyohiyo. Mashine yake ya kuondoa theluji ilikuwa ikinguruma, ila nimenasa maneno mawili: oveni, friza. Yanatosha!

Jumatano, 22 Aprili
Beringi nikaitia kwenye oveni, chini ya viazi vya Marlys vya kupeleka kanisani. Kasha nikalizika kwenye friza, katikati ya soseji za nyama ya paa. Beringi ikakataa katakata. Nikashika nyundo. Ikakataa zaidi. Viazi vinanuka oili. Marlys akampigia simu Wendell, mbele yangu!

Wendell akaja, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe nimegeuza: kasha ndilo la kupashwa moto, lipanuke, beringi ndiyo ya kugandishwa, isinyae. "Verlyn, ndugu yangu, ungeuliza tu!" Marlys akadakia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yangu ni mazima kabisa.

Alhamisi, 23 Aprili
Wendell kaja na beringi iliyoganda. Imezama yenyewe, bila nyundo. Marlys kapiga makofi! Mimi hajanipigia tangu harusi. Washa moja, kile kipete chembamba cha bati, nilikuwa nimeipoteza, Wendell akatoa yake mfukoni. Akala vipande viwili vya pai. Tukaifunga giaboksi kwenye pikipiki, gia zote nne zinaingia laini. Ningefurahi. Sina raha hata chembe. Inaitwa washa, na kweli inaniwasha.

Jumamosi, 25 Aprili
Nimefungua giaboksi, nimeitoa ile washa. Sibarikiwi na kitu cha Wendell tumboni mwa pikipiki yangu! Nimekata washa yangu mwenyewe kwenye kopo la bia. Imekaa vizuri sana. Yake nimeitumbukiza kwenye sanduku lake la barua.

Jumapili, 26 Aprili
Jua! Marlys nyuma, mikono kiunoni pangu. Nikageuka kutazama kama Wendell anaona. Alikuwa anaona. Nikatia gia ya pili. Kraaa! Ikagoma hapohapo, kwenye kona ya kwanza.

Wendell akasimama, muungwana wa kuudhi. Pikipiki yake ina kigari cha ubavuni. Nikajua Marlys ataingia humo. Wapi! Akapanda nyuma ya Wendell, akamshika kiuno. Kigarini nikakaa mimi, magoti kidevuni. Padre Stan alirusha maji ya baraka, yote yakaniishia usoni. Akaniuliza kwa upole nimeanza kuumwa lini.

Jumatatu, 27 Aprili
Theluji imerudi. Wendell anamweleza shemeji yake kuhusu kusafisha kabureta. Mashine inanguruma, lakini nimesikia vizuri kabisa: limau, sufuria. Kabureta yangu haina shida yoyote. Ila ya Wendell haiwezi kung'aa kuliko yangu! Sufuria kubwa tunayo moja tu. Supu ya Marlys nimeihamishia kwenye ndoo.