Jemadari Kutu Apangwa na Binti Mvuke

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwisha! Hakimu ametangaza fainali ya pambano la wahusika kwenye kundi letu la mtandaoni, la mashabiki wa katuni za mashujaa wa chuma. Jemadari Kutu, yaani mimi, dhidi ya Binti Mvuke. Na Binti Mvuke ni nani? Mimi pia! Nilimbuni kwa simu yangu ya zamani ili anipigie kura tu. Hakimu akadai kila mpiga kura awe na mhusika anayepigana. Nikampiganisha kidogo, kwa kuzuga. Kumbe watu wakampenda, wakampitisha raundi zote. Na sheria ni kali: anayeshindwa fainali jina lake linafutwa, halitumiki tena. Tumbo joto. Dukani kwetu, tunakouza miwani, bosi huniita "wewe wa lenzi". Kwenye kundi naitwa Jemadari. Nikifutwa nitabaki wa lenzi maisha.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: Binti Mvuke apigane vibaya, makusudi. Nikajifungia stoo, katikati ya maboksi ya fremu, simu mbili mapajani. Kutu akarusha mvua ya misumari. Binti Mvuke nikamwandikia kwamba amejikwaa kwenye sufuria yake mwenyewe, chali! Kundi zima likavunjika mbavu. Kura zikamiminika kwake. Eti ana vituko. Mimi je? Eti Jemadari anajirudia. Imeniuma. Bosi akagonga mlango, nikazikalia simu. Akauliza kama naumwa. Nikasema tumbo. Sikudanganya.

Jumatano, 5 Machi
Hatari! Hakimu kanusa kitu. Kesho mchana wapiganaji wote wawili wasikike kwa pamoja, kila mmoja asome pigo lake la mwisho kwa sauti yake. Mwenye akaunti bandia atafukuzwa mbele ya wote. Nikaenda chooni kujaribu sauti ya kike. Mteja aliyekuwa nje akauliza kama kuna mtu anahitaji msaada.

Nyumbani nikamwangukia mke wangu, nikamweleza yote. Alinitazama weee! Akauliza kama baba mzima mwenye watoto ndiye anayeogopa katuni. Nikasema ndiye. Akakubali kuwa Binti Mvuke, akaichukua ile simu ya zamani. Mwanamke mwema huyu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimwandikia cha kusoma: Binti Mvuke apige magoti, aombe radhi. Basi! Nikasoma langu, mimi stoo, yeye nyumbani. Zamu yake. Akamwambia Jemadari kwamba kutu haipigwi, inasuguliwa. Kwamba ukishamaliza kusugua kutu humkuti jemadari, unamkuta mwanamume anayetoweka kila vyombo vichafu vikitajwa. Watu wakapiga mayowe! Hakimu mwenyewe akashindwa kujizuia. Kura zote kwake. Jioni nikamuuliza kwa nini. Akasema niliyomwandikia yalikuwa hayana chumvi.

Ijumaa, 7 Machi
Jemadari amefutwa. Nimelia stoo, nikasingizia vumbi la lenzi. Miaka yote ile! Na simu ya zamani mke wangu hairudishi. Bingwa huwa msaidizi wa Hakimu: anapokea wageni, anapanga mapambano, anasaka akaunti bandia. Asubuhi aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama ninawaza kurudi kwenye kundi. Nikaapa siwazi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilibuni mmoja tu! Leo nimeingiza watatu kwa kompyuta ya dukani. Wawili wa kupiga kura, mmoja wa kushinda. Mke wangu amewakaribisha wote kwa bashasha, hakushuku lolote. Mchana akatangaza pambano la kwanza: wale wageni watatu, wao kwa wao, kwa sauti. Sauti ninayo moja tu! Lakini sijashindwa! Nimempigia simu mama mkwe, nikamwomba awe mmoja wao. Kakubali papo hapo. Kaniapia kwamba bintiye hatajua kitu.