Vyuma kwa Ajili ya Pilau

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Nimejiandikisha jimu! Sijamwambia mtu. Sababu ni sufuria.

Tarehe 19 tunamsomea marehemu mke wangu, Mwatime, hitima ya mwaka. Kwao desturi ni mume mwenyewe kuipua sufuria ya pilau: yeye sikio moja, ndugu wa marehemu sikio la pili. Siku ya arobaini mkono wangu uliregea, theluthi ya pilau ikaliwa na majani. Leo kaka yake, Shamsudin, kanipigia simu. Eti, "Shemeji, mwaka huu kaa na wazee, vijana tutaipua." Vijana! Ana miaka hamsini na mbili, na meno ya bandia.

Nikae kitini kama mgeni kwenye hitima ya mke wangu? Haiwezekani.

Nimechagua jimu ya mji wa jirani, Sugar Land. Hapa mtaani kwetu, Alief, Waswahili wenzetu wangeniona.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefika. Upande wa vyuma umejaa mabaunsa, shingo zao nene kuliko paja langu. Vioo kila ukuta, ili aibu yako uione mara nne. Nikageukia mashine ya kukimbia kama ndiyo niliyoijia. Nimetembea maili mbili bila kuvikaribia vyuma hata hatua moja.

Nyumbani chupa ya achari imekataa kufunguka. Zamani Mwatime ndiye aliyezifungua, kisha akanipa niziweke mezani, wageni wadhani ni kazi yangu. Mimi na binti yangu tumekula bila achari.

Jumatano, 8 Oktoba

Hila safi! Nimejifunga bendeji begani. Bingwa aliyeumia. Bingwa wa namna hiyo akinyanyua chuma kidogo, nani atamcheka?

Kabla sijagusa kitu, mama mmoja mnene wa makamo akanijia: "Pole sana, kaka, umeumia wapi?" Kiswahili! Sugar Land! Anaitwa Melania, Mtanzania, muuguzi. Nikasema ni jeraha la zamani. Akanishika mkono mpaka mapokezi, akawaeleza kila kitu. Sasa nimekatazwa vyuma mpaka nilete barua ya daktari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda bila bendeji. Mapokezi wakauliza, barua iko wapi? Nikasema sikuumia. Bendeji ya nini basi? Nimelazimika kuandika kwa mkono wangu, na kutia sahihi, kwamba bega langu halikuwa na neno. Kijana wa mapokezi kaisoma mara mbili, na mara ya pili alimwita mwenziwe.

Lakini nimeingia! Kwenye mashine ya kuvuta nimeweka pini ya kuchagulia uzito kwenye paundi ishirini. Nikavuta mara sita, nikahema. Kisha, kwa siri, nikaishusha pini mpaka mia moja na themanini, nikainuka polepole kama mtu aliyeridhika. Baunsa aliyefuata akaitazama pini, akanitazama mimi, akapiga mbinja. Akaniomba nimwonyeshe ninavyovuta.

Nikamwambia ni wakati wa kusali. Na ni kweli ulikuwa wakati! Sijawahi kuikimbilia Alasiri kwa furaha kama leo. Mungu anisamehe.

Mlangoni Melania alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

Jumamosi, 11 Oktoba

Melania kanibana. "Kaka, sema ukweli, unatafuta nini humu?" Nikamwambia. Sufuria, hitima, majani.

Hakucheka. Aliuliza sufuria ina uzito gani, jiko liko juu kiasi gani, tunatembea hatua ngapi. Halafu akanipa chuma kitupu, hakina hata sahani moja ya uzito. Akasema yeye huwainua wagonjwa wa kilo mia, na mtu hainuliwi kwa mgongo. Kunja magoti, mgongo wima, sukuma ardhi kwa miguu.

Nimekiinua! Nikatupa jicho kiooni nione nani ananitazama. Nilikuwa mimi peke yangu. Baunsa wa juzi alikuja kuuliza tu kama nimemaliza, anakihitaji.

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mazoezi mara mbili tangu Jumamosi. Leo Shamsudin kaingia bila hodi, akanikuta jikoni nimekumbatia gunia la mchele, nimekunja magoti. "Shemeji! Umeoa tena, na hukutualika?" Binti yangu Jannat akatoa siri yote, kwa Kiingereza, haraka. Shamsudin kacheka mpaka meno yakamlegea.

Nikamwambia Jumapili sikio moja langu, na la pili ashike yeye mwenyewe kama ana mgongo. Alikubali. Hakuweza kukataa, Jannat alikuwa anatazama.

Jumapili, 19 Oktoba

Kisomo kimekwisha, watu sitini, pilau imeiva. Tukatoka uani. Nilishika sikio kwa khanga ya Mwatime, ile ya rangi ya machungwa aliyoifua mpaka maandishi yakapotea. Magoti, mgongo, bismillahi.

Imeinuka! Hatua kumi na mbili. Ya tisa Shamsudin akaguna, tuiweke chini kidogo, mgongo wake. Nikamwambia tumekaribia, shemeji, vumilia. Hakuna punje iliyoanguka.

Watu walikimbilia sahani. Mimi nilibaki nimeishika khanga, bado ina moto. Jannat akaniambia twende tukale, Baba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Shamsudin kapiga simu akiwa amelala chali. Anataka kujua nani aliyenifundisha. Ningesema Melania. Ingechukua neno moja.

Nikasema hakuna. Nikasema mimi ni mtu wa vyuma tangu ujana, Mombasa, niliacha tu kwa ajili ya familia. Akasema akipona ataniletea wanaume wanne wa msikitini, niwafundishe.

Nimempigia Melania, nikamwomba siku hiyo ajifanye mwanafunzi wangu. Amecheka mpaka akakata simu. Hakusema hapana. Nimechukulia ni ndiyo, na nimekwenda kununua filimbi ya kocha.