Mama Yangu Si Mwanamke Asiyejulikana

Nyamai Mbaluka,
Fundi wa Pampu za Maji,
Mbooni, Makueni.

Kwa Bi Kagure, Meneja,
Mnada wa Mtandaoni wa Vitabu na Karatasi za Kale,
Nairobi.

Bi Meneja mheshimiwa,

MINTARAFU: KUPIGWA MNADA KWA MAMA YANGU MZAZI KAMA LOTI NAMBA 62

Pokea salamu za heshima kutoka Mbooni, ambako mvua imenyesha vizuri, maharagwe yamechanua, na mimi sijambo isipokuwa moyoni. Natumaini nawe u mzima, na kwamba hujawahi kufungua simu asubuhi ukamkuta mama yako akiuzwa.

Nianze kwa kukukumbusha kwamba mimi ni mteja wenu mwema. Ni mimi niliyenunua kile kitabu cha mwongozo wa pampu za mkono, jalada lake likiwa limeliwa na mende. Ni mimi niliyenunua ratiba ya treni za zamani. Ilipofika bila ukurasa wa safari za kurudi, sikulalamika. Nilikubali tu kwamba abiria wote walifika Mombasa wakapapenda. Mke wangu Mbithe huniuliza mtu anatafuta nini kwenye ratiba ya treni ambayo ilishapita, nami humjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu.

Lakini hili la sasa limenishinda kunyamazia.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kisima cha mteja, nikingoja spana iletwe, nikawa napekua loti zenu. Nikaona kalenda ya mwaka 1968 ya duka moja la baiskeli la Makindu, duka lililofungwa kabla sijazaliwa. Juu ya tarehe kuna picha ya msichana aliyekalia baiskeli nyeusi. Gauni la maua, kitambaa kichwani, mwanya katikati ya meno, na anacheka kana kwamba baiskeli imemtania. Simu ikaniponyoka ikaangukia kwenye ndoo. Bahati nzuri ndoo haikuwa na maji, kwani hiyo ndiyo sababu niliitwa pale.

Yule ni mama yangu, Nzilani. Mwaka huu anatimiza miaka themanini. Ujanani aliuza maembe kwa abiria wa treni pale kituoni Makindu, na hilo kila mtu hapa analijua. Basi mimi na Mbithe tukaamua kwamba katika ibada ya kumshukuru Mungu kwa maisha yake, tutaitundika kalenda hiyo mbele ya kanisa ikiwa kwenye fremu na kufunikwa kitambaa. Kisha kitambaa kivutwe, na mwaitu, mama yetu, ajione alivyokuwa kabla hatujamzeesha. Tulikubaliana asidokezwe hata neno.

Kwa ajili ya siri hiyo nimepata mateso ambayo naomba niyapange hapa kwa utaratibu.

1. Maelezo yenu. Mmeandika: "Kalenda yenye picha ya mwanamke asiyejulikana." Asiyejulikana na nani, Bi Meneja? Panda kilima chochote cha huku utaje Nzilani. Utaonyeshwa nyumba, utaonyeshwa njia ya mkato, na utaambiwa kwamba ukifika saa ya muthokoi hutaruhusiwa kuondoka kabla ya kula. Waendesha boda boda humpigia honi hata akiwa ndani ya nyumba. Chifu husimama kumsalimia, na Chifu si mtu wa kusimama. Kama hamkumjua ninyi, mngeandika "mwanamke tusiyemjua sisi wa Nairobi", nasi tungewahurumia.

2. Hali ya bidhaa. Mmeandika, nanukuu: "Hali ya wastani. Ina madoa kidogo usoni. Imechakaa pembeni. Imewahi kukunjwa katikati." Niliposoma maneno haya nilikaa chini. Mama yangu hajawahi kukunjwa. Aliwahi kuteleza kwenye mteremko wa mtoni akiwa na mtungi kichwani, akafika chini ameketi, na mtungi ukiwa umejaa. Je, hiyo ni hali ya wastani? Madoa hayo ni ya nzi wa lile duka. Naomba mmwajiri mtu anayeweza kutofautisha, kwa maandishi, kati ya uchafu wa nzi na uso wa mama wa mtu.

3. Mnunuzi mmoja anayejiita Kipepeo wa Kabati. Mimi niliweka dau la bei ya kuku, na sikuona haya, kwa sababu nilijua hakuna mwingine duniani mwenye haja na mama yangu. Nikaenda zangu kazini. Kurudi, Kipepeo ameweka bei ya kuku wawili. Nikaweka bei ya mbuzi mchanga. Akaweka ya beberu. Nikamwambia Mbithe, "Huyu mtu ana pesa za kuchezea." Mbithe akasema, "Na wewe je?" Kufikia Ijumaa tulikuwa tumefika kwenye mtamba wetu, yule mwekundu tunayemtegemea kwa maziwa ya mwakani. Mbithe aliutazama mnada, akamtazama mtamba kupitia dirishani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Nyamai, huyu wa kwenye karatasi atakamuliwa?" Napenda kuuliza ni sheria gani inayomruhusu mtu wa Kabati, kule Kitui, kuvuka mto na kupandisha bei ya mama wa mtu wa Mbooni.

4. Saa yenu. Mnada ulipangwa kufungwa Jumapili saa tano. Ninyi mlio Nairobi huenda mnakunywa chai saa hiyo. Sisi tunakuwa kanisani, na ndipo mchungaji anapowaita wanaotaka kuokoka. Isitoshe, mna desturi kwamba mtu akipandisha dau dakika za mwisho, saa inaongezwa. Kwa hiyo saa tano yenu si saa tano. Ni kama kauli ya mkulima kuhusu siku ya kuvuna.

Ndani ya kanisa letu mtandao unapatikana mahali pamoja tu, kwenye dirisha la nyuma, na ni lazima uinue simu juu. Nikasimama pale. Kipepeo akaongeza. Nami nikaongeza, nikainua mkono ili dau liende. Wakati huo huo mchungaji akauliza, "Ni nani leo anayeamua? Inua mkono wako!" Watu wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa yeye. "Naona mkono pale dirishani! Bwana asifiwe! Usiushushe, ndugu yangu, usiushushe!"

Bi Meneja, sikuweza kuushusha hata kama ningetaka, maana dau lilikuwa bado linazunguka.

Mimi ni shemasi. Niliokoka nikiwa darasa la sita. Lakini kwaya ilinijia ikiimba, ikanizunguka pale pale. Mchungaji akanishika bega akaniuliza, "Umeamua kweli?" Nikasema, "Nimeamua, ila bado haijaenda." Akasema, "Itaenda kwa imani!" Na ikaenda. Simu ikalia, nikasoma, nikapiga kelele, "Nimeshinda!" Kanisa zima likaitikia, "Ameni!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu mwenyewe akaja mbio na fimbo yake, akanikumbatia, akalia juu ya koti langu, akasema kumbe maombi yake ya usiku kwa ajili yangu hayakupotea bure. Mimi nikabaki nikijiuliza ni maombi gani hayo, na alikuwa ameona nini kwangu. Usingizi wangu haujatengemaa tangu siku hiyo, na chanzo ni saa yenu.

5. Hili ndilo zito kuliko yote. Baada ya mnada kufungwa, Kipepeo aliandika chini ya loti, mahali ambapo wateja wote wanasoma: "Ndugu uliyeshinda, huyo kwenye picha ni mama yangu. Macho yake yanafifia. Nilitaka ajione angalau mara moja kabla hayajazima. Tafadhali niuzie. Ni mimi, Roselyne." 

Nimewahi kusikia watu wakiibiwa kuku, nyaya za umeme na hata mlango wa choo. Sijawahi kusikia mtu akiibiwa mama hadharani, tena na mtu mwenye adabu namna hiyo. Nilimjibu kwa ustaarabu kwamba mama zetu wote ni wazuri, lakini huyu ana mwanya. Akajibu kwamba mama yake pia ana mwanya. Nikamwambia ana gauni la maua. Akasema anaona. Nikamwambia anacheka kama mama yangu. Hapo hakujibu tena, nami nikahesabu kwamba ameshindwa kwa hoja.

6. Fremu nimeshainunua.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, nami sidhani nimepita kiasi.

Kwanza, jina la Nzilani liandikwe kwenye kumbukumbu zenu zote, na neno "wastani" lifutwe na aliyeliandika, mbele ya mashahidi. Kisha Kipepeo wa Kabati afungiwe maisha, asinunue kwenu hata kijikaratasi cha tiketi ya basi, ili iwe funzo kwa wote wanaotaka mama za watu. Mama yangu naye afidiwe kwa mwaka mzima aliotundikwa kwenye kuta za watu asiowajua, akicheka usiku na mchana bila mapumziko, hata Krismasi. Kuanzia sasa, picha yoyote ya mtu isiitwe ya asiyejulikana mpaka itembezwe kwa pikapu yenye kipaza sauti, kijiji kwa kijiji, kuanzia Mbooni kushuka hadi Makindu, watu waulizwe. Mwisho, pawe na sheria ya nchi kwamba mama akipigwa mnada, wanawe pekee ndio waruhusiwe kuweka dau, na bei isizidi kuku.

Nikimaliza, wasalimie wafanyakazi wenzako wote, hata huyo wa "wastani", kwa kuwa huenda naye ana mama. Msalimie na wako. Mbithe anakusalimu, mtamba hayupo wa kukusalimu.

Wako katika haki na karatasi,

Nyamai Mbaluka,
Shemasi (aliyeokoka mara mbili).

Tanbihi: Bi Meneja, barua hii ilikuwa haijatumwa bado wakati mama alipopita kwetu kuchukua miche ya parachichi. Mimi nilikuwa nje nikifunga mzigo kwenye baiskeli. Kifurushi chenu kilikuwa juu ya meza, naye alidhani ni dawa zake za mgongo, akakifungua. Nikasikia ukelele, nikakimbia ndani nikidhani ameanguka. Nikamkuta ameketi juu ya sanduku langu la vifaa, kalenda mapajani, anacheka hadi machozi yanamdondoka.

"Nthenya!" akasema. "Mwana wakwa, umempata wapi Nthenya?"

Nikamwambia, mwaitu, tazama vizuri, huyo ni wewe. Akavaa miwani, akanitazama mimi badala ya picha. "Nisijijue mimi? Huyu ni Nthenya, tuliyeuza naye maembe Makindu. Mpiga picha alinichagua mimi. Siku yenyewe nikaamka na jino, shavu limevimba kama papai. Nthenya akapanda baiskeli badala yangu. Gauni ndilo langu. Nilimwazima saa ile ile, nikabaki nyuma ya duka na leso. Baadaye akaolewa Kabati, akaenda nalo."

Kwa hiyo, ukiangalia kwa haki, sikukosea kabisa. Gauni ni la mama yangu.

Akaniuliza, "Yu hai?" Nikamwambia bintiye, Roselyne, aliyeikosa kalenda hii baada ya ugomvi mnadani, anasema yu hai ila macho yanamsumbua. Mama akapitisha kidole juu ya picha ile, pale penye madoa. Kisha akauliza kwa nini binti wa Nthenya hajaalikwa kwenye ibada yake, na ni mjinga gani aliyegombana naye. Mbithe alikuwa mlangoni. Akaninyooshea kidole.

Basi naomba usimfungie Kipepeo. Tafadhali mpe namba yangu ya simu leo hii, kwa sababu yeye nilimnyamazisha na sasa haniitikii. Mwambie kalenda ni yake, fremu na yote, na wala asilete hata kuku. Mwambie aje na mamake Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nitawafuata mimi mwenyewe Kabati kwa gari la kukodi. Mama amesema Nthenya ataketi naye kiti cha mbele, karibu na picha ili aweze kuiona, na asijisumbue kujifanya amesahau gauni. Maelezo yenu yaacheni jinsi yalivyo mpaka Roselyne awape jina sahihi.

Pia mama anauliza kama mnayo kalenda ya mwaka 1969 ya duka lile lile. Anasema mpiga picha alirudi, na jino lilikuwa limeshang'olewa. Ikipatikana, tafadhali nijulishe kabla hujaiweka mnadani. Mbithe asijue.